Bahasha ya kaki: mwongozo kamili wa kutafuta kazi, kutoka Nakuru hadi Busia

Anayetafuta kazi huanza kuishiwa na vitu viwili: nauli, na ujasiri wa kusema wazi kwamba anatafuta. Nauli huisha kwa sababu haikupangwa. Ujasiri huliwa na aibu, kidogo kidogo, mpaka mtu anapita njia ya nyuma ili asikutane na mwalimu wake wa zamani. Na pengine mwalimu huyo ndiye aliyesikia juzi kwamba shule jirani inatafuta karani. Mwongozo huu unayashika yote mawili kwa pamoja, maana kwenye utafutaji hayaachani.

Anza na hesabu, si na wasifukazi (CV)

Wengi huanza kwa kuchapisha maombi ya bahasha arobaini na kuyasambaza mjini kwa siku tatu. Wiki ya pili mfuko umekauka, na tangazo zuri likitokea wiki ya nne hakuna hata ya bando. Kaa chini kwanza na kalamu.

Tuseme una shilingi 8,000, unakaa kwa ndugu mtaani Mamboleo, hulipi kodi ya nyumba. Matumizi ya wiki yanaweza kuwa hivi: nauli ya kwenda mjini Kisumu na kurudi siku tatu kwa 100 kila siku, jumla 300, saiba (duka la intaneti) na fotokopi 150, bando 200, mchango wa chakula nyumbani 500. Hiyo ni 1,150 kwa wiki. Pesa zako zitakufikisha wiki sita, zibaki 1,100. Hizo zilizobaki usiziguse: ni nauli na nguo safi za siku ya mahojiano, kwa sababu simu ya mahojiano ina tabia ya kuja mwisho wa mwezi.

Sasa ongeza siku moja ya kibarua kwa wiki, ya 500, iwe ni mjengo, kufua, kupakia mizigo soko la Kibuye au kusaidia dukani. Matumizi halisi yanashuka hadi 650, na hata ukiacha zile 1,100 kando, pesa zinakupeleka wiki kumi. Siku moja tu ya kibarua imekuongezea wiki nne. Ndiyo maana wazo la kwamba mwenye diploma hashiki jembe ni ghali mno: linakugharimu wiki nne za kutafuta.

Kukopa kwa ajili ya kutuma maombi ni kosa. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, hutoza ada kila siku ambayo deni limelala, na mwenye deni hukimbilia kazi ya kwanza atakayoona, hata ile ya matapeli. Kama ni lazima ukope, kopa nauli ya mahojiano ambayo tayari umeitiwa.

Panga pia siku. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi asubuhi ziwe za kutoka. Jumanne ya kusoma matangazo na kuandika. Ijumaa au Jumamosi ya kibarua. Mchana wa siku zote, pumzika au saidia nyumbani. Anayetafuta kazi saa kumi na nne kwa siku huchoka mwezi wa kwanza na kuacha kabisa wa pili.

Vyeti, kwa mpangilio wa haraka yake

Vya lazima kuwa navyo tangu mwanzo ni vinne, na kujiandikisha kwenyewe ni bure: kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), namba ya NSSF (akiba ya uzeeni), na usajili wa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. SHA unaweza kujisajili kwa simu kupitia *147#. Saiba watakutoza kwa kukuandikia tu, kwa hiyo ukiwa na simu ya intaneti fanya mwenyewe.

Kuna mtego kwenye PIN. Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama hakupata senti, na asipofanya faini ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Vijana huchukua PIN wakiwa chuoni kwa ajili ya mkopo wa masomo, wanaisahau, kisha siku wanayohitaji cheti cha kufuata sheria za kodi wanakuta deni la miaka minne. Ritani ya sifuri huchukua dakika chache. Iangalie wiki hii.

Cheti cha tabia njema cha polisi ni habari nyingine. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja (ukichapisha karatasi mbili utarudishwa), kisha unapeleka vidole vyako Huduma Centre. Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia zote zina kituo. Waliozoea saruji na kukata miwa mara nyingi mistari ya vidole vyao imelika na alama hazitoki vizuri. Pumzisha mikono siku tatu nne, paka mafuta usiku, na siku yenyewe nawa kwa sabuni mpaka mafuta yaishe.

Je, ukilipie sasa? Kwa kazi ya ulinzi, ndiyo, maana hawakusikilizi bila hicho. Kwa nyingine, subiri. Tangu 2022 sheria ya ajira ya Kenya inamkataza mwajiri kudai vyeti vya namna hii, pamoja na vya HELB (mkopo wa masomo), CRB (rekodi za madeni) na KRA, kabla hajakusudia kukupa mkataba. Ni 1,050 ambazo kwenye hesabu yetu ya juu ni karibu wiki nzima.

Kisha tazama majina. Hapa ndipo watu wengi wa magharibi hukwama, na wao hudhani ni bahati mbaya. Kitambulisho kinasema Atieno, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) kinasema Athieno, benki inasema Achieng' kwa sababu siku ile alitumia jina la nyumbani. Weka hati zote mezani na usome jina herufi kwa herufi. Tofauti ya mpangilio au herufi moja hutatuliwa kwa hati ya kiapo kwa wakili. Kubadili au kuongeza jina zima kunahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ifanye kabla ya kuitwa, si siku ambayo afisa wa ajira amekupa hadi saa kumi.

Kama cheti chako cha KCSE kimeshikwa shuleni kwa sababu ya karo, jua kwamba sheria ya KNEC (baraza la mitihani) ya 2012 hairuhusu shule kukizuia. Nenda na kitambulisho, mwone mwalimu mkuu kwa adabu, omba cheti kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikataa, peleka nakala hiyo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mara nyingi muhuri peke yake humaliza maneno. Usiende na kelele. Barua ina nguvu kuliko kelele.

Vyote vikishapatikana, vipige skani viwe faili moja ya PDF isiyozidi MB 1, maana tovuti nyingi za maombi hukataa faili nzito. Ipe jina lako: Wanjala_Vyeti.pdf, si scan0047. Jitumie kwa barua pepe. Ukiwa saiba, futa faili zako kwenye kompyuta na ufunge akaunti kabla ya kuinuka. Hati halisi zisitoke nyumbani ila siku ya mahojiano, na usimwachie mtu yeyote kama dhamana.

Wasifukazi unaosomeka kwa nusu dakika

Kurasa mbili zinatosha. Ondoa dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, na ile aya ya juu inayosema wewe ni mchapakazi unayependa changamoto. Kila bahasha ina aya hiyo. Mwanzoni weka jina, simu mbili, barua pepe ya heshima, na mstari mmoja: unafanya nini na unapatikana wapi.

Sehemu yenye uzito ni ile ya kazi, na hapa aibu hurudi tena. Mtu ameuza samaki kwenye meza ya mamake Jubilee kwa miaka mitatu, lakini kwenye karatasi anaandika "hakuna uzoefu". Mwandike upya: "Mauzo ya samaki, soko la Jubilee, Kisumu, 2021 hadi 2024. Kununua mzigo alfajiri, kupanga bei kulingana na siku, kuhudumia wateja 30 hadi 40 kwa siku, kuandika mauzo ya pesa taslimu na ya M-Pesa na kuyalinganisha kila jioni." Hakuna uongo hapo. Meneja wa supamaketi akisoma "kuyalinganisha kila jioni" ameshaelewa kwamba mtu huyu anaweza kuachiwa droo ya pesa.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa aliyefundisha shule ya jumapili, aliyekuwa mweka hazina wa chama, aliyeendesha bodaboda ya watu: alifanya nini, kwa wangapi, mara ngapi, alikabidhiwa nini. Waajiri wengi wa ofisini watautaka wasifukazi kwa Kiingereza. Hata hivyo uandike kwanza kwa lugha unayoimudu, upate maneno yenye nyama, ndipo uugeuze. Anayeanza kwa Kiingereza cha kunakili huishia na wasifukazi wa mtu mwingine.

Warejelewa wawe watatu na wajue. Wapigie kabla: "Mwalimu, nimekuweka kama mtu wa kunishuhudia, nimeomba kazi ya stoo Njoro. Namba yako bado ni hii?" Maombi mengi hufia hapo, kwa mrejelewa aliyebadili laini miaka miwili iliyopita, au anayepigiwa na kujibu, "Nani huyo?"

Fundi haombi kazi kwa karatasi. Weka albamu kwenye simu yenye picha kumi: kazi ikiwa nusu, kazi ikiisha, na kipimo fulani kinachoonekana, kwa mfano mlango ulionyooka kwenye fremu au waya zilizopangwa ndani ya boksi. Andika majina ya foromani wanne waliokuona ukifanya kazi. Na kama ulijifunza kwa kushika nyundo bila darasa, fanya mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), unaoanzia daraja la III na kupanda hadi la I. NITA ina kituo chake Kisumu. Cheti hicho kinamwingiza fundi wa jua kali kwenye miradi ya kaunti na kampuni kubwa, ambako ujuzi bila karatasi huachwa getini.

Daftari la majina thelathini

Hii ndiyo kazi inayozaa kuliko zote, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote. Chukua daftari, andika majina thelathini ya watu wanaokufahamu na wanaofanya kazi popote: walimu, wazee wa kanisa au msikiti, mlinzi wa lango fulani, kondakta, binamu aliye Naivasha, mliyesoma naye, mama anayeuza chai karibu na kiwanda. Usichague wenye vyeo tu. Mlinzi hujua nafasi imetokea kabla ya tangazo kuandikwa, kwa sababu ndiye aliyemwona mtu akiondoka na vitu vyake.

Tuma ujumbe kwa watano kila wiki, mmoja mmoja, si kwa kundi. Uwe hivi:

"Habari ya asubuhi, mwalimu. Ni Wafula, wa darasa la 2016. Nimemaliza diploma ya umeme, na natafuta kazi Bungoma, Kakamega au Kisumu. Naweza kuweka waya za nyumba na kurekebisha mota. Ukisikia mahali wanatafuta mtu, naomba unitajie. Si pesa naomba. Asante sana."

Angalia yaliyomo. Amekumbusha yeye ni nani. Ametaja kazi kwa jina, si "kazi yoyote", kwa sababu anayesema kazi yoyote hakumbukwi kwa kazi yoyote. Ametaja miji, na uwezo wa aina mbili unaoweza kurudiwa kwa mdomo. Na ule mstari kuhusu pesa unamwondolea mpokeaji hofu, maana wengi wakiona ujumbe wa mtu wa zamani hudhani ni mchango.

Asiyejibu mwache wiki tatu, kisha mpigie mara moja. Anayejibu, hata kama hana lolote, mshukuru na uandike tarehe daftarini.

Halafu kuna lile swali la matangani na harusini: "Siku hizi uko wapi?" Watu hulikwepa kwa kudanganya kwamba wako Nairobi kwa mambo fulani. Uongo huo unakufungia mlango, kwa sababu hakuna anayemtafutia kazi mtu aliyesema anayo. Andaa jibu fupi na ulizoee kwa sauti mbele ya kioo ikibidi: "Niko nyumbani, mjomba, natafuta kazi ya uhasibu. Kwa sasa nasaidia dukani kwa jirani." Ukilisema bila kuinamisha kichwa, mazungumzo yanageukia kazi. Ukilisema kwa kunong'ona, yanageukia huruma.

Mlango gani, saa ngapi

Kazi za kaunti hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti husika, kwenye tovuti yake na magazetini. Za serikali kuu nyingi huonekana kwenye gazeti la MyGov, linalotoka Jumanne; ndiyo maana Jumanne tumeiacha ya kusoma. Kuomba ni bure. Kama bahasha inapelekwa kwa mkono, andika nambari ya nafasi juu yake, nenda na nakala ya barua, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Viwanda na mashamba vina msimu wake. Mashamba ya maua ya Naivasha huwa na kazi nyingi zaidi kuelekea Februari 14, kwa hiyo anayefika katikati ya Februari amechelewa. Wa Desemba na Januari ndiye aliyewahi. Viwanda vya sukari huhitaji mafundi wa kuchomelea na wa mota vinapofungwa kwa matengenezo. Lakini miwa ikikosa kukomaa, kazi zote huganda, kama ilivyokuwa 2023 serikali iliposimamisha usagaji kwa muda. Usitegemee kiwanda kimoja. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa kuanzia Oktoba. Busia na Malaba, kazi iko kwa mawakala wa forodha, maegesho ya malori, maghala na vibanda vya pesa, na hupatikana kwa kufahamiana kuliko kwa tangazo.

Kwa vibarua vya getini, fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kuwa na kitambulisho, viatu vilivyofunikwa, kalamu, na chakula chako. Uliza jina la nyapara anayechagua, umsalimie kwa jina hilo. Nenda siku nne mfululizo. Wa siku ya kwanza ni mgeni, wa siku ya nne ni sura inayojulikana. Ukichukuliwa, andika kila siku tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi uliyofanya na ulicholipwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kama wa mshahara wa mwezi, na siku ya mzozo daftari lako ndilo shahidi pekee ambaye hajahamishwa idara.

Maombi ya kuandika yawe matano kwa wiki, yaliyosomwa vizuri, si arobaini ya kunakili. Kosa la kawaida kuliko yote ni barua yenye jina la kampuni ya juzi. Kwenye daftari chora safu nne: mahali, tarehe, njia uliyotumia, tarehe ya kufuatilia. Fuatilia mara moja baada ya siku kumi za kazi, kwa simu ya dakika moja.

Wanaokula jasho la wanaotafuta

Pesa ikitoka kwako kwenda kwao kabla hujaanza kazi, simama. Huitwa kwa majina mengi: ada ya mafunzo, sare, faili, vipimo vya afya, chai ya mkubwa. Karibu kila mara hutakiwa kutumwa kwa namba ya mtu binafsi, tena leo, kwa sababu "nafasi zimebaki mbili". Matapeli wengine ni wale wa chumba cha ghorofani mjini, ambako mahojiano yanaisha kwa wewe kutakiwa kununua bidhaa ili uziuze.

Ziko gharama za kweli, na ni vizuri kuzitofautisha. Mhudumu wa hoteli au mpishi anahitaji cheti cha afya cha washika chakula. Hicho hulipiwa kaunti na hudumu miezi sita. Ukiambiwa umlipe wakala "akutolee", umeshajua.

Usajili wa polisi na wa jeshi ni bure. Barua za kuitwa huuzwa kila mwaka, na kila mwaka wako waliouza ng'ombe na kufika langoni na karatasi ya bandia. Kwa kazi za Ghuba, hakikisha wakala yuko kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, usisafiri kwa viza ya utalii, na uache nyumbani nakala ya pasipoti na mkataba.

Kimya, na jinsi ya kukaa nacho

Kukataliwa kunauma mara moja. Kimya kinauma kila siku. Inasaidia kujua kinatoka wapi: nafasi moja ya karani wa kaunti huvuta marundo ya bahasha, kamati huzipitia kwa haraka, na tangazo lenyewe mara nyingi lilishasema wataitwa waliochaguliwa tu. Hakuna mtu aliyekaa akaamua hufai. Pengine hakuna hata aliyefika kwenye bahasha yako.

Kwa hiyo zika maombi rasmi. Yakifika siku 21 tangu kufuatilia bila jibu, yapige mstari daftarini na uandike "imeisha". Wakikupigia baadaye, vizuri. Kisichofaa ni kubeba maombi kumi na saba kichwani, kila simu ngeni ikikuruka moyo.

Zungumza na nyumbani mapema, kabla mtu hajakusema. "Mama, natoka Jumatatu, Jumatano na Alhamisi kutafuta. Ijumaa naenda mjengo, nitaleta ya unga. Nipe hadi mwisho wa Agosti, tukae tena tuangalie." Wazazi wengi hawaudhiki na ukosefu wa kazi kama wanavyoudhika na kutojua mtu anafanya nini chumbani hadi saa nne. Mwenye mke au mume amwonyeshe hesabu yote, hata ile 1,100 iliyofichwa.

Kamari ya simu ni adui wa pekee wa asiye na kazi, kwa sababu huja na sura ya mpango. Iondoe kwenye hesabu, na iondoe kwenye simu.

Na kuna hali isiyohusu uvivu wala udhaifu: usingizi ukikataa majuma mawili, chakula kisishuke, usione maana ya kuoga, au wazo la kujidhuru likipita kichwani. Hapo usisubiri kazi ndiyo iwe dawa. Piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mshauri. Au nenda hospitali ya rufaa ya kaunti uulize kliniki ya afya ya akili. Ukimwona ndugu katika hali hiyo, mpeleke wewe mwenyewe. Kumwambia ajikaze hakutoshi.

Siku ya kuitwa

Ukipigiwa, andika jina la aliyepiga, mahali, saa, na hati zinazotakiwa. Siku moja kabla, kama nauli inaruhusu, fika hadi langoni. Mahojiano ya simu au video yafanyie mahali penye umeme wa uhakika na bando la ziada, maana stima hupotea bila kubisha hodi.

Swali linalowaangusha wengi ni la mshahara. Fanya hesabu ya kinachofika mkononi. Kwa mshahara wa 25,000: NSSF asilimia 6 ni 1,500, SHIF (mchango wa SHA) asilimia 2.75 ni 687.50, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 375. Kodi ya PAYE kwa kiwango hicho haikati kitu. Kinachobaki ni 22,437.50. Sasa toa nauli, chumba na chakula cha mji huo, uone kama unabaki na kitu. Ukishajua kiwango chako cha chini, taja masafa yanayoanzia juu yake kidogo: "Kati ya 28,000 na 32,000, na niko tayari kuzungumza." Anayesema "chochote mtakachonipa" hupewa hicho chochote.

Ukikubaliwa, omba mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi sheria inataka iwe kwa maandishi. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, unaweza kuongezwa miezi sita mingine kwa ridhaa yako, na katika muda huo notisi ya kuachana ni siku saba au mshahara wa siku saba. Soma kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala.

Kuna jambo moja linaloangusha walioajiriwa tayari: mwezi wa kwanza hauna mshahara. Siku 26 za kwenda kazini kwa nauli ya 100 ni 2,600, na chakula cha mchana cha 80 ni 2,080 zaidi. Jumla 4,680 kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Ukishapokea barua ya kazi, mwendee mtu mmoja kwenye yale majina thelathini, mwonyeshe barua, umwambie kiasi kamili na tarehe ya kurudisha. Beba chakula kutoka nyumbani, na deni linashuka hadi 2,600.